Fimbo Moja ya Breki: Kutoka Lifti ya Upper Hill hadi Mashimo ya Makaa ya Mawe

Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko unywele, na kwa macho matupu nisingeuona. Nilikuwa nimeitwa katika jengo la ofisi la zamani huku Upper Hill, Nairobi, kwa sababu lifti yake ilikuwa ikipitiliza sakafu kwa upana wa kiganja kabla ya kusimama, na wapangaji walikuwa wamechoka kujikwaa kila wanapotoka. Nilipanda hadi chumba cha mashine juu ya paa nikitarajia kukuta viatu vya breki vimelika. Nilichokuta ni breki ya mtindo wa zamani: mikono miwili inayolibana gurudumu, na mikono yote miwili ikivutwa na springi moja iliyovishwa kwenye fimbo moja ya chuma yenye unene wa kidole gumba. Nikaisafisha fimbo ile, nikaipulizia rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, nikasubiri, nikaifuta, kisha nikaipulizia poda nyeupe. Baada ya dakika chache mstari mwekundu ukajitokeza kwenye mtaro wa kwanza wa hesi, ukiizunguka fimbo zaidi ya nusu.

Msimamizi wa jengo, mzee mtaratibu ambaye nimefanya naye kazi kwa miaka mingi, alitazama kwa muda kisha akaniuliza, "Lakini fundi, si breki inashika?" Nikamjibu kwamba inashika, ila fimbo hiyo ikikatika hakuna kingine kitakachoshika badala yake, na ni lazima lifti ifungwe siku hiyo hiyo. Hakufurahi, na wapangaji wa ghorofa ya tisa hawakufurahi zaidi. Nami nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo ya mbali sana na Upper Hill. Nilikuwa nikifikiria mgodi wa makaa ya mawe uitwao Markham, katika jimbo la Derbyshire nchini Uingereza, ambako fimbo iliyofanya kazi kama ile ilikatika tarehe 30 Julai 1973.

Nimekuwa nikisoma habari za mitambo ya kupandishia watu na makaa migodini tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, na wenzangu huniuliza kwa nini. Kenya haina mgodi wa makaa wa chini ya ardhi. Makaa yetu yanayojulikana zaidi yapo bonde la Mui, kaunti ya Kitui, na hadi leo yamelala pale pale. Jibu langu ni kwamba lifti ninazozihudumia kila siku, kuanzia zile za jumba refu la KICC katikati ya Nairobi hadi za magorofa mapya ya Kilimani, ni jamaa wa karibu wa winchi za migodi hiyo. Kamba, kapi, breki, kidhibiti mwendo, uzito wa kusawazisha: karibu kila kitu ambacho mkono wangu hugusa kazini kilipitia mgodini, au kina ndugu yake mgodini. Na nikiisoma historia ya mitambo hiyo naona jambo moja likijirudia kwa sura mbalimbali, kwamba wahandisi walitumia zaidi ya karne moja kutafuta kila mahali ambapo maisha ya watu yalishikwa na kitu kimoja tu, na kukitafutia mwenzake.

Nianze na kamba, kwa kuwa ndicho kitu ambacho kila anayeingia lifti hukiogopa kwanza. Kabla ya mwaka 1834 migodi mirefu ilipandisha mizigo kwa kamba za katani au kwa minyororo ya chuma. Katani huoza katika unyevu. Mnyororo hauozi haraka, lakini una tabia mbaya zaidi: hukatika bila kutoa taarifa, kwa sababu kila pete inabeba mzigo wote peke yake na hakuna pete ya akiba. Wilhelm Albert, ofisa wa migodi huko Clausthal katika milima ya Harz, Ujerumani, alilitazama tatizo hili kwa uvumilivu ambao nauheshimu sana. Aliijaribu minyororo kwa kuipakia na kuipakua mzigo tena na tena, akagundua kwamba chuma hukatika kwa mzigo ambao mara ya kwanza kiliubeba bila taabu yoyote. Huo ndio uchovu wa chuma, na Albert ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuupima na kuuandika.

Mwezi Julai 1834 alifunga katika mgodi wa Caroline kamba ya aina mpya, iliyosokotwa kwa mkono kutokana na waya za chuma zenye unene wa milimita 3.5: waya nne kwa kila uzi, na nyuzi tatu kwa kamba nzima. Ni waya 12 tu. Ule ulikuwa mgodi wa madini ya fedha na risasi, lakini kamba hiyo haikukawia kufika kwenye makaa ya mawe. Nguvu yake si kwamba haikatiki. Hukatika, lakini waya mmoja mmoja, na waya uliokatika hubanwa na wenzake kwa msuguano hata ukaendelea kubeba sehemu ya mzigo hatua chache mbele ya pale ulipokatikia. Mkaguzi anayepitisha kitambaa polepole juu ya kamba huhisi ncha za waya zikinasa, huzihesabu, na huamua kama kamba ibaki au itolewe. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi, na kila mara nashukuru kwamba kamba inasema kabla ya kuacha kazi. Waingereza walikwenda mbali zaidi, wakaweka utaratibu wa kukata kila baada ya miezi sita kile kipande cha mwisho, pale kamba inapofungwa kwenye kizimba, yaani chumba cha kubebea watu shimoni, kwa kuwa hapo ndipo uchovu hujikusanya, kisha kuifunga upya, na kuitupa kamba nzima baada ya miaka mitatu na nusu hata kama bado inaonekana nzuri.

Msomaji ambaye hajauona mtambo wenyewe na apige picha ya kisima chenye ndoo mbili, moja ikipanda huku nyingine ikishuka. Juu ya shimo umesimama mnara wa chuma wenye makapi makubwa. Kando yake kuna nyumba ya winchi yenye ngoma, na kamba hutoka kwenye ngoma, hupita juu ya kapi, kisha huingia shimoni. Watu husafiri ndani ya kizimba, wakati mwingine chenye sakafu mbili au tatu. Makaa hapo zamani yalipandishwa kwenye vigari vilivyoingizwa kizimbani, na baadaye katika ndoo ndefu za chuma zinazojimwaga zenyewe zikifika juu. Vizimba viwili vikiwa na uzito sawa husawazishana, hivyo mota huinua makaa tu, si kizimba. Hata hivyo kazi iliyobaki si ndogo. Tani 10 za makaa zikipandishwa kwa mwendo wa mita 12 kwa sekunde zinadai takriban kilowati 1,200, bila kuhesabu upotevu, ilhali lifti ya watu 13 jijini hutosheka na mota ya kilowati 10 hivi. Mita 12 kwa sekunde ni zaidi ya kilomita 40 kwa saa, mwendo wa matatu katika barabara isiyo na foleni, ila barabara hii imesimama wima gizani.

Makaa ya mawe yana masharti yake ambayo dhahabu haina. Ni mepesi, yakiwa na karibu nusu ya uzito wa mwamba wa kawaida kwa ujazo uleule, hivyo ndoo zake ni kubwa. Yakianguka kutoka juu hupondeka na kutoa vumbi, na vumbi hilo hupunguza bei na laweza kulipuka. Halafu ipo gesi ya methane, ambayo hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na kwa sababu hiyo shimo linalotoa hewa chafu hufungwa milango miwili ya kupokezana pale juu ili kizimba kipite bila kuharibu mzunguko wa hewa. Hata hivyo si kila mgodi wa makaa unayapandisha kwa winchi: katika migodi ya Selby, Uingereza, watu walishushwa kwa mashimo ya wima, na makaa yakatoka kwa mikanda kupitia njia ya mteremko pale Gascoigne Wood. Hilo nalitaja kwa haraka, kwa kuwa lililonishughulisha ni watu.

Tarehe 16 Januari 1862, katika mgodi wa Hartley huko Northumberland, boriti kubwa ya chuma cha kumimina ya mtambo wa kuvutia maji ilikatika katikati. Nusu yake, yenye uzito wa zaidi ya tani 20, iliangukia shimoni, ikabomoa mbao na kuta njiani, ikaliziba shimo. Mgodi ulikuwa na shimo hilo moja tu, lililogawanywa kwa ukuta wa mbao, na kupitia humo watu waliingia na kutoka, makaa yalipanda, maji yalivutwa, na hewa ilipita kwenda na kurudi. Wanaume na wavulana 204 walikufa, wengi wao kwa gesi, wakingojea njia ifunguliwe. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea. Nikiisoma habari hiyo jambo linaloniuma ni kwamba hapakuwa na kosa la siri. Kila mtu aliyeshuka Hartley alijua kwamba shimo ni moja.

Sheria ya Uingereza ilikuwa imeshamgusa pia mwendesha winchi. Mwaka 1842, baada ya uchunguzi ulioonyesha kwamba watoto wadogo walikuwa wakikabidhiwa mitambo ya kushusha na kupandisha watu, ilikatazwa mtu wa chini ya miaka 15 kuiendesha. Nasimama hapa kidogo kwa sababu nina kijana wa miaka 14 nyumbani. Mwendesha winchi haoni kizimba. Anachokiona ni mshale unaotembea kwenye kipimo cha kina na alama za rangi zilizopakwa kwenye ngoma, na anachosikia ni kengele: pigo moja ni pandisha, au simama ikiwa kizimba kinatembea, mapigo mawili ni shusha, na matatu ni taarifa kwamba watu wako karibu kupanda. Akichelewa sekunde mbili, kizimba hupita usawa wa juu na kugonga kapi. Kwa hatari hiyo Edward Ormerod wa Atherton, Lancashire, alibuni mwaka 1867 ndoana yenye bamba zinazofanya kazi kama mkasi. Kizimba kikivuka kikomo, ndoana huingia katika pete iliyofungwa mnarani, ikabanwa, ikaiachia kamba, na papo hapo ikatanua mabega yake na kuning'inia kwenye pete yenyewe. Kamba inaondoka, kizimba kinabaki. Ni wazo la fundi aliyejiuliza watu watashikwa na nini ikiwa mwendesha amekosea.

Kisha akaja Koepe, na hapa ndipo winchi ya makaa inapoigusa lifti ya Nairobi kwa karibu zaidi. Kadiri mashimo yalivyozidi kuwa marefu, ngoma nazo zilizidi kuwa kubwa, kwa kuwa ni lazima ngoma imeze kamba yote. Kamba yenyewe nayo ni mzigo: ile ya unene wa milimita 40 ina takriban kilo 6 hadi 7 kwa kila mita, hivyo mita 600 ni tani 4 hivi kabla hujapakia mtu hata mmoja. Mwaka 1877, katika mgodi wa makaa wa Hannover huko Bochum, Carl Friedrich Koepe aliiondoa ngoma na kuweka gurudumu jembamba. Kamba haikufungwa popote kwenye gurudumu. Ililipitia tu kwa nusu mzunguko, kizimba kimoja kikining'inia huku na kingine kule, na kamba nyingine ikaunganisha matumbo ya vizimba hivyo kwa chini ili uzito usawazike muda wote.

Watu wengi hushtuka nikiwaambia kwamba lifti yao haikufungwa kwenye mashine, imeegemea tu juu ya gurudumu. Babu yangu asingeshtuka. Alikuwa baharia wa majahazi, aliyetweka tanga maisha yake yote kwa henza na jarari, na aliwahi kunionyesha katika bandari ya zamani ya Mombasa jinsi mtoto anavyoweza kulizuia jahazi zima ikiwa kamba imezungushwa kwenye nguzo mara mbili tatu. Hesabu ya Koepe ni hiyo hiyo. Msuguano ukiwa 0.25 na kamba ikiwa imekumbatia nusu ya gurudumu, upande mzito unaweza kufika takriban mara 2.2 ya upande mwepesi kabla kamba haijateleza, na wahandisi hawaruhusu kukaribia kiasi hicho, hasa kwa kuwa kuongeza mwendo na kufunga breki huongeza tofauti ya pande hizo. Breki kali kupita kiasi katika mtambo wa Koepe ni hatari kama breki hafifu, kwa maana gurudumu litasimama na kamba itaendelea na safari.

Lakini kamba ya Koepe bado ilikuwa moja. Ilichukua miaka 70, hadi mwaka 1947, mgodi uleule wa Hannover kuwekewa mtambo wa kamba nne zinazopita sambamba juu ya gurudumu moja. Kamba nne nyembamba hupinda kwa urahisi kuliko moja nene, gurudumu likapungua ukubwa, na mzigo ukagawanywa. Lifti nyingi ninazozihudumia zinaning'inia kwa kamba nne hadi sita, na kanuni za lifti zinadai kwamba zikiwa tatu au zaidi, nguvu yake iwe walau mara 12 ya mzigo. Kwa sababu hiyo sijawahi kumwogopa mtu anayeniuliza kuhusu kamba. Swali ninaloliogopa ni lile la breki, na watu hawaliulizi.

Asubuhi ile ya Julai 1973 huko Markham, wachimbaji 29 walikuwa wakishuka kuanza zamu katika shimo la zaidi ya mita 400, karibu mara nne ya urefu wa KICC, jengo ambalo lilifunguliwa rasmi hapa kwetu mwaka huohuo. Mtambo ulikuwa wa umeme, na breki yake ilikuwa ya aina ambayo sisi mafundi huiita salama: hufungwa na springi na hufunguliwa kwa nguvu za mtambo, ili kila kitu kikizimika ijifunge yenyewe. Hapa Nairobi, ambako stima hupotea bila kuaga, lifti huishi kwa kanuni hiyo hiyo. Tatizo lilikuwa kwamba nguvu yote ya springi zile ilipita katika fimbo moja ya chuma. Egemeo lililopaswa kuiacha fimbo icheze kwa uhuru lilikuwa halipati mafuta ya kutosha, likakwama, na kila breki ilipofungwa fimbo ikapindwa kidogo. Kidogo hicho, kikirudiwa kwa miaka, kilizaa ufa, na ufa ukakua hadi siku hiyo.

Kizimba kilipokuwa kinakaribia chini, fimbo ikakatika. Mwendesha winchi alijaribu breki na haikujibu, akabonyeza kitufe cha dharura. Kitufe hicho kilikata umeme wa mota, na pamoja nao ukaondoka uzuiaji wa umeme, yaani mota yenyewe kupunguza mwendo, ambao ndio pekee uliokuwa umebaki. Kizimba kiligonga magogo ya chini ya shimo. Watu 18 walikufa, na 11 walijeruhiwa vibaya. Nimeirudia habari hii mara nyingi, na sioni mtu aliyefanya kazi yake kwa uzembe ndani ya dakika ile. Uamuzi uliowaua ulifanywa miaka mingi kabla, katika mchoro, pale kipande kimoja kilipoachwa kibebe kila kitu. Baada ya hapo migodi ya Uingereza ilikagua breki zake zote kwa swali moja: kipande gani kikivunjika peke yake kitaondoa breki nzima? Vilivyopatikana vilibadilishwa, na breki zikagawanywa katika seti zinazojitegemea.

Kanuni za lifti za Ulaya, ambazo mafundi wengi wa hapa huzifuata, nazo zinadai kwamba kila sehemu ya breki inayoshiriki kubana iwe katika seti mbili, na kwamba seti moja ikishindwa, ile nyingine iweze kupunguza mwendo wa lifti iliyojaa. Breki ya Upper Hill ilitengenezwa kabla mtu hajaidai hivyo. Na katika lifti hatari haiko upande wa kushuka tu. Uzito wa kusawazisha hulingana na chumba cha lifti pamoja na karibu nusu ya mzigo wake, kwa hiyo breki ikiachia chumba kikiwa na mtu mmoja, lifti haianguki, inaruka kwenda juu. Breki za usalama za zamani, zinazobana reli chini ya chumba, zilitengenezwa kwa ajili ya kuanguka na hazifanyi kitu lifti ikipanda.

Ilituchukua wiki tano kupata breki mpya, na katika wiki hizo nilipigiwa simu karibu kila siku. Niliwaambia wenye jengo kwa maandishi kwamba sitaunganisha fimbo ile kwa kuichomelea, ingawa alikuwapo fundi aliyekuwa tayari kufanya hivyo kwa nusu siku na kwa bei ndogo. Mzee msimamizi ndiye aliyenitetea. Sikumwomba. Alikuwa ameuona mstari mwekundu kwa macho yake.

Breki mpya ilipofika tuliifunga kwa siku mbili. Siku ya kuijaribu tulipakia mifuko 25 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, ndani ya lifti iliyoandikwa kilo 1,000, tukaishusha kwa mwendo wake kamili na kukata umeme. Ikasimama. Tukatoa mifuko mitano, nikaufungua upande wa kushoto wa breki na kuuzuia usibane, tukaishusha tena, na upande wa kulia peke yake ukapunguza mwendo hadi lifti ikatulia kati ya ghorofa ya tatu na ya pili. Kijana anayejifunza kazi kwangu akaanza kukusanya vifaa akidhani tumemaliza. Nikamwambia arudishe koleo na spana chini, kisha tukaurudisha upande wa kushoto, tukauzuia wa kulia, na kupandisha lifti juu kwa jaribio la tatu.